Usizipeleke hizo shata kwenye soda!

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo mengi kuhusu kupaka upya shata, yaani milango ya mbao ya nje ya madirisha: rangi ipi, brashi au mashine ya kupulizia, gharama, kibali. Mimi jicho limegota pale ulipoandika kwamba shata za nyumba ya wakwe zako huko Bourgogne, Ufaransa, zile za vibao vilivyopangwa kwa mlazo kupitisha hewa, umepata karakana ya kuzichovya kwenye soda ya kutoa rangi na kukurudishia Ijumaa zikiwa mbao tupu. Usithubutu.

Niko Dordogne, Ufaransa hii hii, nyumba ya mawe, shata za mwaloni zilizopakwa rangi juu ya rangi tangu enzi za babu yake mke wangu. Jamaa wa karakana alinikaribisha kwa kahawa na maneno matamu: kupiga msasa ni kujitesa, lete asubuhi, chukua jioni, mwaloni hauogopi kitu. Ile soda yake ni soda kostiki, hiyo hiyo wanayotengenezea sabuni ya mche kule nyumbani, tena imepashwa moto. Rangi inatoka kweli, simsingizii. Ila haitoki peke yake.

Gundi nayo inaondoka. Shata za zamani zimeungwa kwa ulimi na tundu, na gundi ya wanyama iliyomo humo haivumilii soda ya moto. Nashusha shata ya kwanza kwenye gari, fremu ikalegea mkononi, vibao vikamwagika uani. Mke wangu akauliza kama nimenunua kuni. Halafu mwaloni una tanini, kemikali ya asili ya mti huo, ukikutana na soda unageuka mweusi. Zilirudi kama zimeokolewa kwenye moto.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonifilisi ni soda iliyobaki ndani ya mbao. Yule bwana alizipiga maji ya mpira kidogo akasema tayari, na mimi nikamwamini kwa sababu alikuwa amevaa gambuti! Ilitakiwa zisuuzwe tena na tena, zipitishwe kwenye asidi hafifu kama siki kuua ile soda, halafu zikae kivulini wiki kadhaa zikauke hadi ndani. Mimi nikazipaka rangi ya mafuta ya kitani, ile ya bei mbaya, maana nilitaka kufanya mambo kiasili. Sasa niambie, mafuta yakikutana na soda yanakuwa nini? Mvua za vuli zilipoanza, rangi ikalainika, ikateleza, ikachuruzika ukutani. Nadhani nilikuwa na nyumba pekee Ufaransa inayojifulia yenyewe.

Fundi niliyemwita baadaye alilowesha mbao kidogo, akabandika karatasi ya kupimia asidi, ikageuka bluu hapo hapo, yaani soda bado imo. Hakusema neno, akaanza kuandika bei. Nyingine zilifunguliwa zote na kuungwa upya, nyingine zikatupwa. Nilipomrudia yule wa karakana akaniambia kosa ni la rangi. La rangi!

Kwani nani alikwambia lazima ufike mbao tupu? Rangi iliyoshika iache ishike. Kwarua iliyobanduka tu, lainisha kingo, ziba nyufa, paka. Shata haichovywi, iwe ya mwaloni, ya msonobari, iwe ya mlazo au ya mbao nzima. Za mlazo ndizo mbaya zaidi, kila kibao kina viungo viwili vya kunywa soda.

Najua utasema kukwarua mlazo ni kazi ya kichaa. Ni kweli. Weka redio. Lakini usipige msasa mkavu kabla hujajua kama kuna risasi kwenye rangi, yaani ile metali yenye sumu (lead). Nyumba za kabla ya 1949 ndizo zinazodaiwa ripoti ya risasi zikiuzwa, hivyo waulize wakwe kama ipo kwenye makaratasi ya notari, yule mwanasheria wa mauziano ya nyumba. Shata nazo hupimwa. Kipimo kikisoma miligramu 1 kwa sentimita ya mraba au zaidi, risasi ipo: nyunyizia maji unapokwarua, vaa barakoa ya P3, ile ya kuchuja vumbi laini, tandika turubai, watoto wakae mbali. Mabaki usiyachome.

Kibali: ukibadilisha rangi, pita mairie, ofisi ya manispaa, kwanza. Mengine tutaongea.

Kwa sasa piga simu karakana ughairi. Kama umeshatoa arbuni, isamehe. Wakikwambia wao wanasuuza vizuri, waombe waandike kwenye risiti kwamba watalipa rangi ikibanduka, uone kama kuna atakayeshika kalamu.