Kwa Wanaoanza Optometria: Jueni Umbali Kabla ya Kuchagua Lenzi

Vijana wanaonijia hapa Tanga wakitaka kuwa wataalamu wa optometria, yaani kupima uwezo wa macho kuona na kuandika miwani, huuliza kwanza habari za ufaulu, na jibu lake ni fupi: fizikia, kemia na baiolojia za sekondari, kisha chuo, nasi wengi tulipita chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi, halafu usajili wa Baraza la Optometria. Yanayofuata ndiyo yanayohitaji maelezo.

Somo linalowatoa wanafunzi jasho ni fizikia ya mwanga. Msilikariri kwa ajili ya mtihani tu, kwa kuwa mtaishi nalo: nguvu ya lenzi kwa dayopta, kipimo chake, ni moja kugawanya kwa umbali wa fokasi kwa mita, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale inapokusanya mwanga. Anayepima kwa retinoskopu, kifaa cha kumulika ndani ya jicho ili kujua lenzi linayohitaji, akiwa sentimita 67 kutoka kwenye jicho la mgonjwa hupunguza dayopta 1.50 kutoka kwenye jibu lake, na akisogea mbele kwa uchovu bila kujua, jibu linaharibika. Fungeni uzi wa urefu huo kwenye kifaa mpaka mkono uzoee, hata kama wenzenu watawacheka.

Hesabu hiyo hiyo hurudi pale fundi cherehani wa Ngamiani, mwenye umri wa miaka hamsini, anapolalamika kuwa hawezi kutunga uzi. Kabla ya kumpa miwani ya kusomea, mwombeni ashike kitambaa kama afanyavyo mashineni, kisha mpime kwa futi yake mwenyewe kutoka jichoni hadi kwenye mshono. Kazi ya sentimita 50 inadai dayopta 2.00, na ya sentimita 33 inadai 3.00, ingawa jicho lake bado hutoa sehemu ya nguvu hiyo. Mkimpa lenzi kali kwa kudhani kwamba kali ndiyo bora, atalazimika kuinamia cherehani siku nzima, na miwani itaishia kabatini.

Kwenye chati ya herufi inayosomwa kutoka mita 6, msimuulize mtu mzima mbele ya watu kama anajua kusoma. Mimi napendelea kuanza na chati ya herufi E kwa kila mtu, naye aonyeshe kwa vidole upande ambao miguu ya E imeelekea.

Akishindwa mistari, mwacheni achungulie chati kupitia tundu dogo la kwenye kibao cha kuzibia jicho. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi lenzi itamsaidia. Asipopata nafuu, msimuuzie miwani hata akisisitiza. Chunguzeni mtoto wa jicho, presha ya macho au retina iliyoathiriwa na kisukari, kisha mpeni rufaa kwenda kwa daktari wa macho, hospitali ya Bombo. Katika barua andikeni uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake, kwa miwani na bila miwani, kwa sababu daktari akikuta maneno “haoni vizuri” tu, atalazimika kuanza vipimo upya, na mgonjwa aliyetoka Pangani kwa basi la alfajiri atakuwa bado kwenye foleni mchana.