Maswali ya Wasomaji: Kutoka Nafasi ya 17 hadi ya Kwanza, Ufundi au Bahati?

Tangu mbio za langalanga za São Paulo zilipofanyika katika uwanja wa Interlagos tarehe 3 Novemba 2024, barua nyingi zilizofika katika meza hii zimekuwa na hoja moja: tuupime vipi ushindi wa Max Verstappen siku ile ya mvua, na ni nani alimpita nani kwa namna inayostahili kukumbukwa? Nimechagua barua tano.

Swali: Bwana Mhariri, salaam. Sisi mafundi wa gereji moja tulikaa pamoja kuziangalia mbio zile kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, na hadi leo hatujaelewana. Fundi wetu mkubwa anashikilia kwamba Verstappen alibebwa na bendera nyekundu iliyosimamisha mbio, na kwamba Lando Norris na George Russell walinyang'anywa ushindi uliokuwa mikononi mwao. Mimi nasema mtu aliyeanza wa 17 akamaliza wa kwanza hawezi kuitwa mtu wa bahati. Tuamulie.
Msomaji, Mombasa

Jibu: Salaam zimefika, ndugu yangu. Kabla sijaamua, naomba tuzigawe nafasi zile 16 alizopanda kulingana na jinsi alivyozipata, kwa maana naona ninyi wawili mnabishana juu ya vitu viwili tofauti.

Kwanza, alifikaje nafasi ya 17? Mbio za kufuzu, zinazopanga nafasi za kuanzia, zilifanyika asubuhi ileile ya Jumapili kwa saa za Brazili, kwa sababu mvua ya Jumamosi ilizuia zisifanyike siku hiyo. Lance Stroll aligonga ukuta, mashindano yakasimamishwa, na Verstappen akabaki wa 12 bila kupata nafasi ya kuuboresha muda wake. Juu ya hapo alikuwa na adhabu ya kurudishwa nyuma nafasi tano kwa kutumia injini zaidi ya idadi inayoruhusiwa katika msimu mmoja. Mzunguko wa kwanza wa mbio ulipomalizika alikuwa tayari wa 11. Baada ya hapo aliwapita wenzake mmoja mmoja, wengi wao wakati wa kufunga breki kuelekea kona ya kwanza, mpaka akawa wa sita nyuma ya Charles Leclerc. Nafasi mbili kati ya hizo 11 zilimjia bila jasho, kwa sababu Alexander Albon hakuanza kabisa, na Stroll aliteleza akazama kwenye changarawe hata kabla ya mbio kuanza. Nyingine karibu zote alizipata kwa usukani na breki, na wakati huo hakukuwa na bendera yoyote nyekundu.

Sehemu ya pili ndiyo anayoizungumzia fundi wenu, na hapo ana haki. Gari la Nico Hülkenberg lilikwama kwenye kona ya kwanza, madereva wakaamriwa wapunguze mwendo, na mvua ikazidi. Leclerc, Yuki Tsunoda, Norris na Russell wakaingia kubadilisha tairi kwa nyakati tofauti. Esteban Ocon, Verstappen na Pierre Gasly wakabaki barabarani na tairi zao zilizochakaa. Muda mfupi baadaye Franco Colapinto aligonga ukuta nyuma ya gari la usalama, lile linalowaongoza wote kwa mwendo wa polepole, na bendera nyekundu ikapepea. Kanuni inaruhusu tairi kubadilishwa wakati mbio zimesimamishwa, kwa hiyo watatu wale walipata tairi mpya bila kupoteza hata sekunde moja. Nafasi nne, kutoka ya sita hadi ya pili, zilipatikana hapo. Kubaki barabarani katika maji yale kulihitaji moyo, lakini hakuna aliyejua kwamba bendera ingekuja, na sitaki kuuita utabiri.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifanya niegemee upande wako. Mbio ziliporejea, wote walikuwa na tairi mpya za aina moja, za mvua ya kiasi, na Norris na Russell walikuwa hatua chache tu nyuma. Carlos Sainz akagonga, gari la usalama likatoka tena, na mbio zilipofunguliwa katika mzunguko wa 43 Verstappen akampita Ocon. Kutoka hapo hadi mwisho wa mzunguko wa 69 alifungua pengo la sekunde 19.477 mbele ya Ocon, aliyemaliza wa pili. Ligawe pengo hilo kwa mizunguko iliyobaki, utapata takribani sehemu saba za kumi za sekunde kwa kila mzunguko, dhidi ya watu wenye tairi kama zake, barabara kama yake na mvua kama yake. Bendera nyekundu haikumpa hilo. Norris, ambaye gari lake lilikuwa miongoni mwa bora kabisa msimu ule, alitoka nje ya barabara katika ufunguzi uleule wa mzunguko wa 43 na kumaliza wa sita.

Basi hukumu yangu ni hii. Bila bendera ile, naamini Verstappen angemaliza wa tatu au wa nne, na angestahili sifa zilezile za udereva ingawa asingepanda ngazi ya juu kabisa. Kombe lilipata msaada. Kazi aliyoifanya barabarani haikupata. Kuhusu Norris kunyang'anywa, siwezi kukubali: alianza mbele ya wote, akapitwa na Russell katika kona ya kwanza kabisa, akakaa nyuma yake karibu nusu ya mbio asiweze kumpita. Siku ile tofauti ya pointi kati ya Verstappen na Norris katika ubingwa ilitoka 44 ikafika 62, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo Norris aliiandika mwenyewe.

Swali: Mhariri, hongera kwa kazi. Baraza letu hapa linabishana kuhusu kupita kulikokuwa bora zaidi katika mbio zile. Wengi wanataja alivyompita Ocon. Je, wewe unatumia kipimo gani?
Msomaji, Arusha

Jibu: Ahsante. Natazama anayepitwa kabla ya kumtazama anayepita. Je, alijua kwamba anakuja kushambuliwa? Alikuwa na tairi za kumwezesha kujitetea? Katika misimu ile tulizoea kuona gari likifungua bawa lake la nyuma kwenye barabara iliyonyooka na kumpita mwenzake kama lori lililosimama. Mimi siwezi kukaa na rafiki yangu usiku kucha kusimulia jambo hilo. Interlagos siku ile bawa hilo halikutumika kwa sababu ya mvua, kwa hiyo kila aliyepita alilazimika kuishinda breki ya mwenzake.

Kwa Ocon, alikuwa mbele katika hewa safi bila maji usoni, naye alijua vizuri kabisa kwamba shambulio lingekuja katika kona ya kwanza. Verstappen alikuja kupitia ukungu wa maji, akaingia upande wa ndani wa zile kona zinazoitwa S ya Senna, akafunga breki akiwa amechelewa na gari halikuteleza. Ni kazi nzuri sana. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, nitachagua alivyompita Oscar Piastri mapema katika mbio, mahali palepale, kwa sababu alianzia mbali zaidi na Piastri hakuwa na sababu ya kuamini kwamba gari lile lingeweza kufika.

Hata hivyo siwezi kuliweka lolote kati ya hayo juu ya lile la Spa, Ubelgiji, tarehe 27 Agosti 2000. Mika Häkkinen alikuwa amepoteza uongozi kwa kuteleza mwenyewe, akamfukuza Michael Schumacher mizunguko mingi, na alipojaribu mara ya kwanza alizibiwa njia kwa ukali. Mzunguko uliofuata, wa 41 kati ya 44, walimkuta Ricardo Zonta katikati ya barabara, akiwa nyuma yao kwa mzunguko mzima. Schumacher akapita kushoto kwake. Häkkinen akaenda kulia, na walipofika kona ya Les Combes Häkkinen ndiye aliyekuwa mbele. Aliamua ndani ya muda mfupi kuliko wa kulisoma neno hili, katika mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Nimeliangalia mara nyingi, na kila mara naogopa kana kwamba safari hii halitafanikiwa.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilishangaa kuona madereva wanapita pembeni mwa njia ya kawaida wakati wa mvua. Kwa nini wanaikwepa njia iliyo fupi na ya haraka?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba, mwanangu. Gari linapopita mahali pamoja mara mamia, tairi zake huacha mabaki ya mpira juu ya lami. Barabara ikiwa kavu, mpira huo huisaidia tairi kushika. Mvua ikinyesha, mpira huohuo huziba vitundu vidogo vya lami na kuwa kama kigae kilichomwagiwa maji ya sabuni. Dereva mwerevu basi hutafuta lami yenye mikwaruzo nje ya njia ya kawaida, hata kama anazunguka umbali mrefu zaidi, kwa sababu anaweza kufunga breki akiwa amechelewa na kukanyaga mafuta mapema. Waulize waendesha bodaboda kwa nini wanaiogopa rangi nyeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu siku ya mvua. Ni jambo hilohilo.

Interlagos ina ugumu wa ziada kwa sababu imejengwa kwenye mteremko, na maji hukatiza barabara kama kijito. Mwaka 2003 kijito cha kona ya tatu kilitupa nje magari kadhaa, likiwemo la Schumacher. Verstappen aliijua siri ya uwanja ule tangu 2016, alipokuwa na umri wa miaka 19 tu: alikuwa nyuma sana baada ya kubadilisha tairi, akawapita wenzake katika mizunguko ya mwisho kwa kutumia njia ambazo hakuna mwingine aliyezikanyaga, na akamaliza wa tatu.

Swali: Mzee wangu nyumbani hataki kusikia habari za Interlagos. Anasema Kimi Räikkönen naye alianza wa 17 akashinda, na bila msaada wa mtu. Ni kweli?
Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Mpe mzee heshima zangu, kwani kumbukumbu yake haijapotea. Ilikuwa Suzuka, Japani, tarehe 9 Oktoba 2005. Katika kufuzu, madereva walitoka mmoja mmoja siku hizo, na mvua iliwanyeshea wale wa mwisho, ndiyo maana Räikkönen, Fernando Alonso na Schumacher wote walijikuta nyuma. Siku ya mbio barabara ilikuwa kavu, na kanuni ya mwaka ule haikuruhusu kubadilisha tairi katikati ya mbio, kwa hiyo aliwapita watu kwa tairi ambazo kila mzunguko zilizidi kuisha. Mzunguko wa mwisho, wa 53, ulipoanza, Giancarlo Fisichella alikuwa bado mbele. Räikkönen akampita kwa nje katika kona ya kwanza. Katika mbio hizohizo Alonso alimpita Schumacher kwa nje kwenye kona ya 130R, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hata hafikirii kujaribu.

Kwa kuwa umeniuliza moja kwa moja, nitajibu moja kwa moja: naiweka Suzuka juu ya Interlagos, kwa sababu hakukuwa na bendera nyekundu iliyompa tairi wala nafasi, na uamuzi ulifanyika zikiwa zimebaki kilomita chache. Lakini kwa usafi wa udereva katika mvua pekee yake, Verstappen hana wa kumlinganisha naye isipokuwa Ayrton Senna pale Donington, Uingereza, Aprili 1993, aliyeanza wa nne, akashuka hadi wa tano, na kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha alikuwa amewapita Schumacher, Karl Wendlinger, Damon Hill na Alain Prost. Watu husahau kwamba katika mzunguko huohuo kijana mwingine wa São Paulo, Rubens Barrichello, alitoka nafasi ya 12 hadi ya nne.

Swali: Mbona hakuna anayewataja Ocon na Gasly?
Msomaji, Bukoba

Jibu: Unanigusa panapouma, kwa maana nilitaka kuanza na barua yako. Timu yao ya Alpine ilifika Brazili ikiwa ya tisa katika msimamo wa timu, na iliondoka ikiwa ya sita kwa pointi 33 za siku moja. Ocon alianza wa nne kwa uwezo wake mwenyewe wa kufuzu katika maji, si kwa kupewa, na akaongoza mbio kwa muda bila kukosea. Gasly alianza wa 13. Ukitaka kuona udereva wa kujilinda, rudia mizunguko ya mwisho umtazame yeye badala ya Verstappen: Russell, mwenye gari la kasi zaidi, alimkaribia nyuma kwa mizunguko mingi akisubiri ateleze mara moja tu. Hakuteleza. Walivuka mstari wakiwa wametengana kwa chini ya sekunde moja, na Gasly alikuwa mbele.