Mmeuliza, nimejibu: mchuzi mwepesi wa samaki, kamba na pweza

Niliandika hapa kwamba nyumbani kwangu nazi moja hupikia mchuzi wa siku mbili. Kumbe nimegusa donda. Wengine mmeniita bahili, wengine mmeuliza maswali ya maana. Najibu ya maana.

Dada, mume wangu ana presha na daktari amemwambia apunguze mafuta. Nikipika samaki bila nazi, mchuzi unakuwa maji matupu na yeye hali. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Samaki hana hatia. Kipande cha changu au kolekole kina mafuta kidogo mno. Mzigo tunautia sisi wenyewe, tena mara tatu: tunamkaanga samaki kwa mafuta yanayomfunika, tunakaangia vitunguu kwa mafuta mengine, halafu tunamwaga tui zito tangu mwanzo na kulitokotesha mpaka liote mafuta juu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya alizeti au ya nazi, kina kalori kama 120. Siku moja pima yale unayomimina kwa mkono kutoka kwenye chupa. Mimi nilipima nikakuta vijiko saba, na nilikuwa najiona mwangalifu.

Nazi usiiondoe, igawe. Ikune nazi moja, uikamue kwanza kwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Hilo ndilo tui la kasimile, liweke kando. Chicha irudishe kwenye bakuli, tia vikombe viwili vya maji, kamua tena. Tui hili jepesi ndilo la kupikia. Kasimile utatumia vijiko vitatu tu, mwisho kabisa, sufuria ikishatulia: mimina, koroga mara moja, zima moto. Mtu akifunua sufuria ananusa nazi, na ndicho anachokitaka. Kasimile inayobaki gandisha kwenye trei ya barafu, itakufaa wiki ijayo.

Sasa hayo "maji matupu". Uzito wa mchuzi si lazima utoke kwenye nazi. Choma biringani moja juu ya moto wenyewe mpaka ganda liungue, limenye, liponde pamoja na nyanya nne. Bibi yangu kule Tanga alifanya hivyo kila nazi zilipopanda bei, na habari za kolesteroli hakuwa nazo. Kichwa na miiba ya samaki usitupe: chemsha kwa dakika 20 na kipande cha tangawizi, chuja, na hayo ndiyo maji ya mchuzi wako. Tofauti yake na maji ya bomba utaijua ukionja.

Kwa kilo moja ya samaki, vitunguu maji viwili vikate vyembamba uvilainishe kwa vijiko viwili vya mafuta, moto mdogo, dakika 10. Vikianza kushika chini, nyunyizia maji, usiongeze mafuta. Tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha manjano, kisha nyanya na biringani. Acha viive mpaka harufu ya ubichi wa nyanya iondoke. Ndipo utie maji ya samaki, tui jepesi, ukwaju uliokamuliwa na pilipili mbuzi moja nzima, isipasuke. Samaki anaingia mwisho.

Ukwaju nausisitiza kwa ajili ya presha ya mzee. Mchuzi wenye uchachu hauombi chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, si kwa mchuzi peke yake. Na vile viungo vya paketi vya kuongeza ladha, soma nyuma ya paketi: mara nyingi chumvi ndiyo inatangulia.

Nisipomkaanga samaki anavunjikavunjika, mchuzi unageuka uji wenye miiba. (Msomaji, Morogoro)

Unakoroga. Samaki mbichi akishaingia kwenye mchuzi, mwiko weka mbali. Shika sufuria masikio yake uitikise.

Mpake ndimu na chumvi kidogo nusu saa kabla, nyama itakaza. Tumia sufuria pana ili vipande vilale kimoja kimoja bila kupandana, moto uwe wa kuchemka taratibu, na dakika 8 hadi 10 zinamtosha kipande cha unene wa vidole viwili. Chewa, nguru na kolekole wanavumilia. Ukimpata mwenye nyama laini, mchome kwanza juu ya jiko la mkaa, umuingize kwenye mchuzi dakika tano za mwisho. Hapo utapata na ule moshi wa samaki wa kupaka, bila tone la mafuta.

Kamba wangu huwa kama mpira wa kufutia. Pia nimesikia wana kolesteroli nyingi, ni kweli? (Msomaji, Malindi)

Nianze na la pili. Ni kweli kamba ana kolesteroli, lakini mafuta yanayoganda, yale ya kwenye samli, mawese na nazi, hana ila chembe. Na kwa watu wengi hayo ndiyo yanayopandisha kolesteroli ya damu kuliko ile iliyomo kwenye chakula chenyewe. Kwa hiyo sahani ya kamba kwenye mchuzi mwepesi si ya kuogopa kama kamba walewale waliokaangwa kwa samli. Aliyepewa masharti yake na daktari, afuate ya daktari.

Kuhusu mpira: unawapika muda mrefu. Kamba wa kawaida anahitaji dakika tatu, mkubwa nne. Akibadilika rangi na kujikunja, ameiva. Akijikunja mpaka kichwa kikagusa mkia, umemchelewa. Wewe uko Malindi, karibu na mdomo wa Sabaki, kamba unawapata wabichi na vichwa vyao. Basi maganda na vichwa vikaange vikavu kwenye sufuria mpaka viwe vyekundu, tia maji vikombe vitatu, chemsha robo saa, ponda kwa mwiko, chuja. Pika mchuzi wako mzima kwa maji hayo, na kamba uwatie wakati wali umeshapakuliwa. Kwa mchuzi huo mimi hata tui situmii. Nyanya, thomu, ndimu na majani ya giligilani yananitosha.

Pweza mwepesi anawezekana? Kwetu anaungwa kwa tui zito hadi kijiko kinasimama. (Msomaji, Mtwara)

Na mimi huyo wa kijiko kusimama nampenda, nisiwe mnafiki. Ila mara moja moja.

Pweza ana nyama kavu isiyo na mafuta, ugumu wake ni wa nyuzi ambazo hulainika kwa moto wa polepole tu. Akitoka baharini wavuvi humpiga kwenye mawe. Kama hukuwahi hapo, mgandishe usiku kucha kisha myeyushe, barafu itafanya kazi ileile. Mtie kwenye sufuria kavu, bila maji na bila chumvi, funika, moto mdogo. Ataachia maji yake mwenyewe, mekundu, mengi kuliko unavyodhani. Baada ya dakika 45 mchome kwa uma penye mzizi wa mkono. Uma ukikataa, mwongeze robo saa. Na ujue atapungua karibu nusu, kwa hiyo kilo moja si ya watu wanane.

Yale maji mekundu ndiyo utajiri wenyewe, na yana chumvi ya bahari tayari. Yaungie hapohapo: nyanya, thomu nyingi, pilipili manga, mchaichai ukiwa nao, bamia kumi za kuyashika. Kasimile kijiko kimoja kwa kila sahani, mezani, kila mtu ajitilie. Watoto wangu hugombania kijiko hicho, lakini hakuna anayezidisha kwa sababu wenzake wanamtazama.

Niko Maskati. Mama amezoea mchuzi wa nguru, na nazi tunapata za kopo tu. (Msomaji, Oman)

Nguru wa huko, kanadi, hufungiwa uvuvi wake kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili azaliane. Kipindi hicho mpikie mama chewa, ambaye huko wanamwita hamuri. Nyama yake nyeupe inakaa vizuri kwenye ukwaju.

Kuhusu kopo: tui linaloandikwa "jepesi" mara nyingi ni tui lilelile lililozidishiwa maji, nawe unayalipia. Nunua zito la kawaida. Usilitikise kabla ya kufungua, mgando wa juu ndiyo kasimile yako. Vijiko vitatu vya mgando kwa mwisho, maji ya chini kwa kupikia. Soma lisiwe limetiwa sukari.

Papa mkavu je? (Msomaji, Pemba)

Mlowee usiku mzima, maji yabadilishwe mara mbili, mchemshe na maji hayo uyamwage, kisha ndiyo umuunge na usitie chumvi hata punje. Mwenye presha ale kidogo. Mjamzito asimle kabisa, hata mbichi, kwa sababu papa hukusanya zebaki mwilini kuliko samaki wadogo. Mjamzito mpe dagaa.

Naweza kutumia mtindi badala ya tui? (Msomaji, Arusha)

Unaweza. Upige uwe laini, uchanganye na mchuzi wa moto kidogokidogo, uutie jiko likiwa limezimwa, la sivyo utakatika mabonge. Ni mtamu. Usiuite mchuzi wa nazi tu mbele ya mgeni kutoka Pwani.

Mchuzi wa jana ni mtamu kuliko wa leo. Kuna ubaya? (Msomaji, Tabora)

Hakuna, kama uliuingiza kwenye friji ndani ya saa mbili. Samaki mtoe kwanza umweke peke yake, mchuzi upashe mpaka uchemke, kisha mrudishe apate moto naye. Ila kabla hujaubandika jikoni, tazama juu ya sufuria: mafuta yameganda utando mweupe. Ng'oa utando huo kwa kijiko. Ukiukosa kabisa, ujue jana ulipima.