Maswali na Majibu ya Kompyuta: Kitufe Kinachobeba Faili

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina studio ndogo ya picha hapa Morogoro, na kwa miaka mitatu sasa ninapanga picha za wateja kwa Total Commander, ambayo nilifundishwa na kaka mmoja aliyekuwa fundi wa studio hii kabla yangu. Kila ninapotaka kurekebisha picha hunibidi nishushe dirisha, nifungue IrfanView kutoka kwenye eneo-kazi, kisha nianze upya kuitafuta picha ile ile ambayo tayari nilikuwa nimeshaifikia. Nilisikia kwamba programu inaweza kuwekwa kwenye upau wa zana ulio juu ya dirisha. Nimeiweka na ikoni yake inaonekana, lakini nikiibonyeza programu inafunguka tupu, haina picha yoyote. Je, nimekosea wapi?
(Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea, ila hujamaliza. Kitufe ulichokiweka kinajua programu ya kufungua, lakini hakijaambiwa faili ya kuipatia programu hiyo. Watu wengi huishia hapo ulipoishia, wakaona kwamba upau wa zana ni mahali pengine tu pa kuweka ikoni, kisha wakauacha. Ni hasara, kwa sababu thamani yote ya kitufe ndani ya programu ya kusimamia faili imo katika kuibeba faili uliyoichagua na kuifikisha ndani ya programu nyingine kwa bonyezo moja.

Kwa manufaa ya wasomaji wasioifahamu, Total Commander ni programu ya Windows iliyotungwa na Mswisi Christian Ghisler. Ilitoka mwaka 1993 ikiitwa Windows Commander, na jina la sasa ilipewa mwaka 2002. Dirisha lake limegawanywa katika paneli mbili, mtindo uliotokana na Norton Commander ya mwaka 1986, enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows: paneli moja inaonyesha folda unayoifanyia kazi, na ya pili inaonyesha folda unakopeleka kitu. Naomba uzikumbuke paneli hizo mbili, kwa maana zitarudi mbele kidogo, na zitarudi na hatari yake.

Sasa turudi kwenye kitufe chako. Kibonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya, na katika orodha itakayojitokeza uchague "Change". Litafunguka dirisha lenye visanduku kadhaa. Katika kisanduku cha "Command" utakuta anwani ya programu, ambayo kwa IrfanView ya biti 64 huwa C:\Program Files\IrfanView\i_view64.exe, hiyo iache kama ilivyo. Chini yake kuna kisanduku cha "Parameters", nacho bila shaka ni kitupu, kwa sababu ukiburuta programu na kuiachia kwenye upau, Total Commander huandika anwani ya programu bila vigezo vyovyote. Andika humo hivi, pamoja na alama za kunukuu:

"%P%N"

Kubali, kisha simama juu ya picha yoyote na ubonyeze kitufe. Picha itafunguka.

Inafaa uelewe kilichotokea, kwa sababu ukikielewa utaweza kujitengenezea vitufe vingine bila kumwuliza mtu. Tuseme umefungua folda D:\Wateja\Oktoba na umesimama juu ya faili iitwayo Harusi ya Asha 014.jpg. Unapobonyeza kitufe, Total Commander inaiondoa %P na mahali pake inaweka anwani ya folda, yaani D:\Wateja\Oktoba\, kisha inaiondoa %N na kuweka jina la faili. Tazama kwa makini mwisho wa anwani hiyo: alama ya \ tayari imo. Ukiandika %P\%N utakuwa umeiweka mara mbili, na hilo ni kosa ninaloliona mara nyingi katika barua za wasomaji. Alama za kunukuu kazi yake ni kuhakikisha kwamba jina lenye nafasi katikati, kama hilo la Asha, linasomwa kuwa jina moja na si vipande vinne.

Herufi kubwa nazo zina maana yake. Ukiandika %n badala ya %N, programu itapewa jina lililofupishwa kwa mtindo wa zamani wa DOS, lenye herufi zisizozidi nane kabla ya nukta na tatu baada yake, na ukilisoma hutalitambua kuwa ni la picha yako. Kwa hiyo usizichanganye.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa picha, nitakuonyesha kitufe cha pili, ambacho nadhani kitakuokolea muda mwingi kuliko hicho cha kwanza. Wateja wengi siku hizi hutaka picha ndogo ya kutuma kwa simu, na IrfanView inaweza kuipunguza bila hata kufungua dirisha lake. Tengeneza kitufe kipya chenye amri ile ile ya i_view64.exe, na katika vigezo uandike:

? "%P%N" /resize=(1200,1200) /aspectratio /resample /convert="%T%N"

Maneno ya katikati yanaiagiza IrfanView ipunguze picha isizidi nukta 1200 kwa upande wowote, ilinde uwiano wa urefu na upana, na itumie njia bora ya kupunguza ili picha isikwaruzike. Kigeni hapa ni %T. Kama %P ilivyo anwani ya paneli unayoifanyia kazi, %T ni anwani ya paneli ya pili. Kwa hiyo picha kubwa inabaki kushoto, na ndogo inazaliwa kulia ikiwa na jina lile lile.

Hapa ndipo penye hatari niliyoitaja. Ikiwa paneli zote mbili zimefungua folda moja, basi %P na %T ni kitu kimoja, na picha ndogo itaandikwa juu ya picha halisi na kuifuta. Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, kwa picha ya mahafali ya binti wa jirani, na sikuwa na nakala nyingine. Tangu siku ile sijatengeneza kitufe cha kubadilisha faili bila kuanza na alama ya kuuliza. Alama hiyo, ikikaa mwanzoni kabisa mwa vigezo, inailazimisha Total Commander ikuonyeshe kwanza amri nzima ikiwa imeshajazwa majina ya kweli, nawe unaisoma, unaikubali au unaiacha. Ukiona folda ile ile imetajwa mara mbili, acha, ubadilishe paneli ya pili, kisha uanze tena. Itakugharimu sekunde mbili kwa kila picha, na nakusihi sana uzitoe sekunde hizo, kwa kuwa picha za harusi ya mtu hazipigwi mara ya pili.

Elewa pia kwamba %N hubeba faili moja tu, ile uliyosimama juu yake, hata kama umeteua ishirini. Kwa faili nyingi kuna %L, ambayo huandika orodha ya faili zote ulizoziteua, pamoja na anwani zake kamili, katika faili ndogo ya muda, kisha huipatia programu jina la orodha hiyo. Kwa mfano, kitufe cha IrfanView chenye kigezo /slideshow=%L kitamwonyesha mteja, moja baada ya nyingine kwenye skrini nzima, zile picha ulizomteulia tu, naye atachagua za kusafishwa bila kuona za watu wengine. Si kila programu inayojua kusoma orodha ya namna hii, hivyo kabla ya kuitegemea soma maelezo ya programu husika.

Kuhusu mpangilio wa upau wenyewe sina mengi. Panga vitufe kwa mfuatano wa kazi yako, kuanzia kutoa picha kwenye kadi ya kamera hadi kuzichapa, na acha kitufe kitupu kati ya kundi na kundi ili kiwe mpaka. Kitufe kinaweza pia kuwa na amri ya cd ikifuatwa na anwani ya folda, kwa mfano cd D:\Wateja, na kazi yake ikawa kukurudisha kwenye folda hiyo popote ulipo. Vitufe vikizidi kumi na tano hivi, macho huanza kuvitafuta badala ya mkono kuviendea wenyewe. Hapo ni bora vile vya nadra uviweke kwenye upau mdogo wa ndani, ambao hutengenezwa katika dirisha lile lile la mabadiliko na hufunguka kwa kitufe kimoja.

SWALI: Mhariri, mimi hutembelea shule na ofisi ndogo hapa Mombasa kutengeneza kompyuta, na zana zangu zote nimezihifadhi kwenye flashi pamoja na Total Commander. Nimejipangia vitufe vizuri nyumbani, lakini nikifika kwa mteja baadhi ya siku vyote vinakataa kufungua kitu. Nyumbani flashi ni E, kwa mteja inaweza kuwa F au H. Je, nipange vitufe upya kila mahali?
(Msomaji wa Mombasa)

JIBU: La, hasha. Ugonjwa umeshautaja mwenyewe: vitufe vyako vimeandikwa anwani zinazoanza na E:\, na flashi ikipewa herufi nyingine anwani hizo zinabaki zikielekeza mahali pasipo na kitu. Total Commander ina neno lake la kutatua jambo hili, nalo ni %COMMANDER_PATH%, ambalo kila mara humaanisha folda ilimo Total Commander yenyewe, iwe ni E, F au H. Ukiwa umeweka zana zako katika folda iitwayo Zana ndani ya folda hiyo, amri ya kitufe cha 7-Zip itakuwa %COMMANDER_PATH%\Zana\7-Zip\7zFM.exe, nayo itafanya kazi popote. Fanya hivyo hivyo katika kisanduku cha ikoni, la sivyo programu zitafunguka lakini vitufe vitakuwa havina sura.

Ikiwa vitufe ni vingi, huna haja ya kuvifungua kimoja kimoja. Upau mzima umehifadhiwa katika faili ya maandishi ya kawaida, ambayo jina lake huwa default.bar, na anwani yake imeandikwa juu kabisa katika dirisha la kubadilisha vitufe. Funga Total Commander, nakili faili hiyo pembeni iwe akiba, kisha uifungue kwa Notepad. Utaona kila kitufe kina namba yake: cmd1 ni amri ya kitufe cha kwanza, param1 ni vigezo vyake, button1 ni ikoni, na kuendelea. Kwa Ctrl+H, yaani amri ya kutafuta maneno na kuweka mengine mahali pake, badilisha sehemu ya mwanzo ya anwani zote kwa mara moja, uhifadhi, ufungue tena.

Hakikisha pia kwamba faili hiyo ya default.bar na ile ya mipangilio, wincmd.ini, zimo kwenye flashi. Kwa kawaida Total Commander huziweka katika folda ya mtumiaji ndani ya kompyuta, na ndiyo maana mtu hubeba programu akaacha vitufe nyumbani. Nakili zote mbili kwenye folda ya programu iliyo kwenye flashi, kisha katika wincmd.ini hiyo, chini ya [Configuration], ongeza mstari UseIniInProgramDir=7. Mstari huo unaiagiza programu itumie mipangilio iliyo kando yake, isifuate ile ya kompyuta ya mteja.

SWALI: Mhariri, sitaki kuongeza programu nyingine. Ninatumia Windows 11 na folda zake za kawaida. Je, upau wa juu wa folda hauwezi kupokea ikoni ya programu ninayoitaka? Na dada yangu ana Mac, yeye afanyeje?
(Msomaji wa Zanzibar)

JIBU: Kwa Windows 11 upau huo haupokei programu. Katika Windows 10 kulikuwa na upau mdogo pembeni juu uliokubali vitufe, lakini navyo vilikuwa amri za folda zenyewe, kama kufuta na kubadilisha jina, si programu za nje. Njia iliyo karibu zaidi ni menyu ya "Send to". Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:sendto, ubonyeze Enter, na katika folda itakayofunguka weka njia ya mkato ya programu unayoitaka. Baada ya hapo, faili yoyote ukiibonyeza kwa upande wa kulia na kuingia "Send to", programu yako itakuwamo, nayo itafunguka ikiwa na faili hiyo ndani. Katika Windows 11 menyu hiyo imefichwa nyuma ya "Show more options". Ukishika Shift wakati wa kubonyeza upande wa kulia utaifikia moja kwa moja.

Dada yako ana bahati zaidi. Afungue dirisha la Finder, aende kwenye folda ya Applications, ashike kitufe cha Command na kuiburuta programu hadi kwenye upau wa juu wa dirisha, kisha aiachie. Ikoni itabaki hapo, na faili itakayoburutwa na kuachiwa juu yake itafunguliwa na programu hiyo. Akitaka kuiondoa, ashike Command tena na kuiburuta nje ya upau; programu yenyewe haitafutika.