Wazee wamegoma kuongea darasani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha Kiingereza watu wazima jioni hapa Mtwara mjini, darasa langu ni mchanganyiko balaa, kuna wazee wa korosho waliotokea Newala, kuna mama wa Mikindani anauza samaki, kuna vijana wa bodaboda, na kuna kijana wa Msumbiji anaongea Kireno na Kimakonde, Kiswahili cha kubahatisha. Nafuata kitabu vizuri tu lakini tukifika kwenye mazungumzo ya wawili wawili wazee wanakaa kimya, na mmoja kaacha kabisa kuja toka kijana wa boda alipomsahihisha mbele za watu. Juzi tena nikawapa zoezi la kuelezea kwao walikozaliwa, yule wa Msumbiji akatoka nje na hakurudi siku ile. Halafu Kiswahili nikipige marufuku darasani au niache? — Mwalimu wa jioni, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wazee hawajagomea Kiingereza, wamegoma kuvunjiwa heshima, na hapo kitabu chako ndo kina kesi ya kujibu. Vitabu vingi vya kuanzia vinafungua na "What is your name? How old are you? Are you married?" Sasa we fikiria, kijana anamkazia macho mtu wa umri wa babu yake anamuuliza una miaka mingapi, umeoa? Kwa Kiswahili angekula kibao, ila kwa vile ni Kiingereza we unamwambia very good, endelea. Mzee anaona bora anyamaze zake.

Kiingereza hakina shikamoo, na "you" ni ile ile kwa mtoto na kwa mkwe, lakini adabu kinayo, imekaa kwenye "could you", "may I", "would you mind", na "sir" na "madam". Tatizo sisi walimu tunazisogeza mwisho wa kozi eti ngumu. Anza nazo wiki ya kwanza, wazikariri nzima nzima kama wanavyokariri salamu, grama itakuja baadae. "Excuse me Mzee, may I ask your name?" Hilo neno Mzee liache humo humo, hakuna Mwingereza atakayeumwa.

Pili wape wazee kitu wanachokuzidi. Korosho ghafi yetu wanunuzi wake wakubwa ni India na Vietnam, na biashara yenyewe inaongewa Kiingereza: moisture, grade, outturn. Mzee aliyepeleka mzigo ghalani miaka nenda rudi anajua fika korosho yenye unyevu inashushwa daraja, anachokosa ni maneno tu. We beba korosho ghafi kiganja kimoja na kisu uingie navyo darasani, mzee apasue mwenyewe (usijifanye kusaidia, mafuta ya lile ganda yatakubabua vidole), aoneshe kiini kizima na kilichooza, huku kijana wa boda ndo mnunuzi, anauliza "What is the outturn, sir?" yaani ratili ngapi za kiini kwenye gunia la kilo 80. Hapo atakayebabaika ni kijana na anayecheka ni mzee.

Kusahihishana hadharani kufe leo. Tembea na kidaftari, nukuu makosa, mwisho wa kipindi yaandike ubaoni bila jina la mtu, wote wayarekebishe. Yule aliyeacha kuja mfuate nyumbani kwake we mwenyewe, usitume meseji na usimtume yule kijana.

Kuhusu wa Msumbiji, vurugu za Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji, zilianza Oktoba 2017, mji wa Palma ukavamiwa Machi 2021, kuna watu walivuka mto Ruvuma kuja huku na nguo za mwilini tu. Huenda anatoka huko huenda hatoki, we usimhoji. Mada za kwetu, familia yangu, utoto wangu ziwe za hiari, pembeni yake weka nyingine, kazi, chakula, bei za sokoni, achague. Na nae ana lake la kujidai maana Kireno kinampa maneno kibao ya Kiingereza bure, hospital, animal, yanaandikwa vile vile. Kinachomsumbua ni "th", Kireno hakina sauti hiyo, wakati mama wa Mikindani anayo mdomoni toka utotoni, thelathini, thamani. Waweke dawati moja.

Kiswahili usikataze. Toa maelekezo ya zoezi kwa Kiswahili dakika mbili muelewane, zilizobaki Kiingereza. Na ukisikia mzee wa Newala anamfafanulia yule kijana wa Msumbiji kwa Kimakonde usiwakatishe, wanabishana kuhusu somo lako hao.

Ila minada ya korosho ikianza Oktoba watapungua tu hata ufundishe vipi, usinune, panga kozi iishe kabla.