Mnataka Kuhamisha Tovuti ya Mradi? Maswali na Majibu

Safari hii nimekusanya maswali ya wachangiaji wa programu huria wanaovutana juu ya zana za kujengea tovuti za miradi yao, kama Jekyll na Hugo. Mengi yalifanana, kwa hiyo nimeyapunguza.

Swali: Tunatumia Jekyll. Mchangiaji mmoja anasisitiza tuhamie Hugo kwa sababu ya kasi, wengine wamekataa katakata. Nani yuko sahihi?

Kuhusu kasi, yeye. Hugo imeandikwa kwa lugha ya programu ya Go na inakuja ikiwa faili moja. Mwandishi haanzi kusakinisha Ruby, lugha ambayo Jekyll inaitegemea, na kusuluhisha matoleo yanayogongana. Kubernetes, mradi huria wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, walihama kutoka Jekyll kwenda Hugo mwaka 2018, lakini wao walikuwa na nyaraka nyingi na walitaka tafsiri za lugha mbalimbali. Ninyi mna kurasa ngapi? Kama ni thelathini, kasi hiyo haitamfaidi mtu. Kama ni maelfu, na mhariri anasubiri dakika kadhaa ili aone nukta aliyoirekebisha, basi mna shida ya kweli.

Mwambieni aandike aya mbili: shida ni ipi, inamkwamisha nani, na nani atakayeitunza zana mpya yeye akichoka. Hilo la tatu ndilo linalokwepwa kila mara, na ndilo linaloniudhi. Watu hushangilia siku ya kuhama, kisha mzigo wa kurekebisha templeti (viunzi vya kurasa) unawaangukia waandishi wa nyaraka na watafsiri ambao hawakuulizwa neno.

Swali: Zana ipi ni bora kuliko zote?

Swali hili silijibu tena. Niambie idadi ya kurasa, nani anaziandika, kwa lugha ngapi na zinahifadhiwa wapi, ndipo tuzungumze.

Swali: Baada ya kuhamia Hugo, majedwali na video zimetoweka kwenye kurasa kadhaa, ila ujenzi haukuonyesha hitilafu. Imekuwaje?

Markdown, namna ya kuandika kurasa kwa alama rahisi aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, iliacha mambo mengi bila kufafanuliwa, na kila zana inaisoma kwa namna yake. Tangu toleo 0.60 la mwaka 2019, Hugo inatumia kisomaji kiitwacho Goldmark, ambacho kwa chaguo-msingi huondoa HTML (msimbo wa kurasa za wavuti, ambao huenda ndio mliotumia kwa majedwali na video) iliyochanganywa ndani ya Markdown. Upo mpangilio uitwao unsafe wa kuiruhusu; kama maandishi yote yanatoka kwa watu mnaowaamini, uwasheni. Lakini kazi hii ilipaswa kufanyika kabla. Jengeni tovuti kwa zana zote mbili, kisha linganisheni kurasa zilizotoka, moja baada ya nyingine. Ujenzi kupita bila kosa hauthibitishi kwamba maudhui yamefika salama.

Swali: Anwani za kurasa zitabadilika kidogo tu. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Tim Berners-Lee alikwisha kuandika mwaka 1998 kwamba anwani njema hazibadiliki, na bado miradi inazivunja kila inapohama. Jekyll kwa kawaida huweka tarehe na .html kwenye anwani za makala. Hugo huishia na mkwaju (/). Msipopanga mapema, viungo vyote vya zamani vinakufa. Fikirieni programu yenu yenyewe: matoleo yaliyokwisha kusakinishwa yanaonyesha ujumbe wa hitilafu wenye anwani ya msaada, na hayo hamwezi kuyarudisha. Mtumiaji aliyekwama anabofya na kukuta ukurasa haupo.

Mtasema mtaelekeza upya. Vizuri, ila aliases za Hugo (orodha ya anwani za zamani za ukurasa) hutengeneza kurasa ndogo za kumrusha msomaji. Si jibu la 301, yaani taarifa kwamba ukurasa umehama kabisa, kutoka kwenye seva. Hilo la 301 linategemea mnakohifadhi tovuti. Na sehemu ya anwani inayofuata alama ya #, ile inayompeleka msomaji kwenye kichwa kidogo, haitumwi kwa seva kabisa, kwa hiyo vichwa vidogo vikipata vitambulisho vipya, seva haiwezi kuvielekeza. Wekeni vitambulisho vya zamani kwa mkono. Inachosha, na ifanyike.

Swali: Mtu mmoja anapinga kila badiliko. Anaruhusiwa kutuzuia?

Kwa taratibu za Apache, shirika la programu huria, kura ya -1 (ya kupinga) dhidi ya badiliko la msimbo ina nguvu ya kulizuia, mradi iambatane na sababu ya kitaalamu. Bila sababu haihesabiki. Igeni hilo, liandikeni kabla ugomvi haujawaka. Lakini chunguzeni kwanza mpingaji ni nani. Mara nyingi ndiye anayefufua ujenzi unapovunjika, na anajua yasiyoonekana kwenye pendekezo.

Swali: Vipi kuhusu zana ya Gatsby?

Netlify, kampuni ya kuhifadhi tovuti, waliinunua mwaka 2023 na maendeleo yake yakapoa. Sishauri kuanza nayo leo. Na mkichagua zana yoyote ya npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, faili ya kufunga matoleo ya vifurushi iwemo kwenye hazina ya mradi. Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 kiliondolewa, na miradi mingi ikashindwa kujengeka.

Swali: Aliyeleta pendekezo ametoweka kazi ikiwa nusu. Tuna tovuti mbili sasa.

Wapo wawili walio tayari kuimaliza, kwa majina yao na tarehe? Kama hawapo, fungeni tawi la tovuti mpya wiki hii, rudini kwenye zana ya zamani, na marekebisho yote ya maandishi yaliyofanywa upande mpya yahamishiwe huko kwanza. Watafsiri waarifiwe kabla ya mtu mwingine yeyote; wao ndio wamekuwa wakifanya kazi mara mbili.