Usiishie kwenye maana, teremka kwenye mifano

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni Mji Mkongwe nilikuwa na domo refu na Kiingereza kifupi. Siku moja Mkunazini, mbele ya lile kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, nikamwambia bibi mmoja wa Kijapani: "Let me explain you this place."

Hakunicheka. Kumbe kwao alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Akatoa mkobani kitu mfano wa kibweta cha miwani, akakifunua, akabonyeza herufi, akanigeuzia kioo. Kamusi ya mkononi, Casio. Chini ya maana ya "explain" palikuwa na onyo kabisa: haisemwi "explain me". Jambo linatangulia, mtu anafuata na "to" yake.

Kosa nikalijua lilikotoka. Sisi tunasema "nieleze", mtu tumeshamtia ndani ya kitenzi, basi na kwa Kiingereza tunambandika papo hapo. Maana ya neno nilikuwa nayo tangu skuli. Nisichokijua ni namna linavyokaa na wenzake.

Alipoondoka aliniachia kamusi ile. Menyu zote za Kijapani! Nikazikariri kwa kuhesabu vitufe.

Basi na wewe ukipata chombo kama hiki, usisome mstari wa kwanza ukafunga. Teremka. Tazama hata zile alama ndogo: "advice" na "information" zina herufi U pembeni, yaani hazihesabiki, kwa hiyo ile "s" ya wingi haitiwi.

Lililonisumbua zaidi ni "kali". Kwetu jua kali, upepo mkali, kisu kikali, mbwa mkali. Neno moja linalisha nyumba nzima. Jambiani niliwahi kuwaambia wageni jua ni "sharp", wakatazamana. Siku hizi sianzii kwenye sifa, naanzia kwenye nomino. Naandika "wind", nasoma mifano nione nani anatangulia: "strong". Kwenye "knife" ndipo "sharp" ilipo kwao. Yangu ina pia sehemu ya kutafuta mifano: unaandika maneno mawili, unatia alama ya & katikati, inakuletea sentensi zenye yote mawili. Zikija tele, andika bila wasiwasi. Isipoleta kitu, shuku, lakini usiape. Mifano iliyomo ina mwisho.

Najua, simu nayo ina kamusi. Ila umeme ulipokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, simu tulikuwa tukizipeleka kwenye jenereta za watu, na kamusi yangu ikaenda kwa betri zake mbili ndogo. Kioo hakina taa, nikasoma kwa kibatari, moshi wote puani.

Kiswahili hakimo humo. Kwa hicho ninalo Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili Zanzibar, la karatasi.

Ukinunua iliyotumika, ifunue na kuifunga mara kadhaa mbele ya muuzaji. Kioo kikipiga mistari, utepe unaopita kwenye bawaba umechoka, mwachie mwenyewe. Na ukiiweka muda mrefu, toa betri. Mimi nilisahau Ramadhani moja, zikavuja, vyuma vikaota kutu ya kijani. Nilivisugua kwa siki na kijiti cha pamba kutoka alasiri mpaka magharibi, ndipo ikawaka.